Nguruzi za Kortesalmi

Irja Pesonen alikuwa mtu wa kujivuna, na wala hakulificha. Alijivunia viazi vyake, ambavyo kila kiangazi vilikuwa tayari kabla ya vya jirani yeyote. Alijivunia mkono wake wa kupiga makasia. Lakini kilichompandisha mabega kuliko vyote ni ndoo. Ilikuwa ndoo ya bati, ya kawaida kabisa, ambayo mwaka mzima ililala stoo pamoja na majembe. Ikifika sikukuu ya Juhannus, katikati ya kiangazi, ndoo hiyo ilibeba nguruzi zote za kijiji cha Kortesalmi.

Nguruzi, kwa asiyekaa karibu na maji, ni kile kizibo kidogo kinachoziba tundu la chini ya mashua. Mashua ikiwa nchi kavu unakichomoa, maji ya mvua yatoke. Ukitaka kuingia ziwani unakirudisha. Ukisahau, basi ziwa ndilo litakaloingia kwako.

Sasa kwa nini kijiji kizima cha Ufini kimkabidhi mwanamke mmoja nguruzi zake, tena siku ambayo kila mtu anataka kuwa ziwani? Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, kwa Kauko.

Kauko alikuwa mume wa Irja, na hakuwa mlevi. Irja alilisema hilo kila alipomtaja, na alilisema kwa sababu ni kweli. Mwaka mzima Kauko alikunywa maziwa na kahawa. Lakini Juhannus ni Juhannus. Watu waliokaa gizani miezi na miezi, theluji imefika madirishani, ghafla wanapewa jua ambalo halitaki kuzama, na hapo hata mnywa maziwa hutafuta bia. Kauko alikula soseji, akaingia sauna, chumba cha kuogea mvuke, akanywa bia, akarudi sauna, akanywa nyingine, halafu akaondoka na mashua kwenda kutazama wavu wake. Alipofika katikati alisimama ndani ya mashua akojoe.

Hilo ndilo kosa la wanaume wa huko. Mtu ana msitu mzima ufukweni, miti haihesabiki, lakini haja ndogo ataifanyia ziwani, tena wima, kama nahodha anayekagua bahari yake. Mashua ikayumba. Maji ya mwezi wa sita yanameta juu, lakini ukizama kidogo tu unakutana na baridi iliyobaki tangu barafu, na mwili uliotoka kwenye joto la sauna na pombe hukakamaa papo hapo. Walipomtoa maiti, zipu ya suruali ilikuwa wazi. Kuna watu walioona la kuchekea hapo, si kwa ubaya, ila kwa kuwa kila mtu amewahi kusimama vilevile. Irja hakucheka. Aliifunga ile zipu kwa mkono wake kabla hawajamfunika.

Juhannus iliyofuata hakwenda sauna wala kwenye moto wa sikukuu. Watu walipokuwa wanakula, yeye alipita ufukweni na ile ndoo, mashua kwa mashua, akichomoa nguruzi. Hakumwomba mtu ruhusa. Jioni ile wale waliozisukuma mashua zao majini waligundua kwamba miguu inalowana kabla hawajatoka hata mahali pa kina cha magoti. Mzee mmoja aitwaye Urpo alikaa ndani ya mashua yake inayozama taratibu, akaendelea kuimba, hadi maji yalipomfika kiunoni ndipo alipouliza kama kuna mtu mwingine anayeona jambo hili.

Asubuhi yake wakaja kwa Irja wamefura. Kuna aliyesema ataita polisi. Irja alikuwa ameshaweka meza nje, kahawa, mikate, mayai. Akawaambia kila mtu atapewa nguruzi yake akishakula. Basi wakala, kwanza kwa hasira, halafu kwa njaa, na walipomaliza hakuna aliyekumbuka polisi, kwa sababu walitazamana wakaona wote wapo.

Mwaka uliofuata, kabla Irja hajashika ndoo, mke wa Urpo alifika mlangoni, amefumbata nguruzi mkononi. Akaidumbukiza ndooni. Ndivyo ilivyoanza. Miaka ilivyosonga ikawa desturi: kabla sauna hazijawashwa, nguruzi inaingia ndoo ya Irja, na haitoki hadi kesho yake mtu ameshalala na kula. Aliye mkavu, ambaye hajaonja kitu, anaweza kuiomba yake, akavaa jaketi okozi na kwenda ziwani. Aliyeonja haiombi. Haikuandikwa popote, na hakuna aliyetaka iandikwe.

Si kwamba hawakujaribu ujanja. Wapo waliochonga vizibo vya mti. Wapo waliosokota soksi. Reino Hakkarainen, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, kuna mwaka aliziba tundu kwa soseji, akaondoka kwa fahari kubwa, na soseji ikalainika akiwa hajafika mbali. Alirudi akitembea, maji yakiwa kifuani, anaivuta mashua kwa kamba kama ng'ombe, na aliyekuwa nyuma akisukuma ni Ahti, mdogo wake Irja. Ahti ndiye aliyetoa soseji.

Na Ahti ndiye hasa mwenye mkasa huu.

Kortesalmi nzima ilikuwa inajua Ahti anavyokunywa. Mkewe alimvumilia kwa muda mrefu, kisha akahamia mjini. Leseni ya udereva ilikwenda. Meno mawili ya mbele yalikwenda kwenye ngazi za sauna. Irja alimpikia, akamfulia, akamgombeza, akaacha kumgombeza. Halafu majira ya baridi ya mwaka juzi Ahti aliamka siku moja, akamwaga vyote vilivyokuwa ndani kwenye theluji, akaenda kukaa na watu wanaokutana kanisani jioni kuzungumza habari za kuacha pombe. Hakumtangazia mtu. Irja alijua kwa kuona tu kwamba nyayo za mdogo wake kwenye theluji zimenyooka.

Masika ya mwaka huu madaktari walimbadilishia Irja nyonga. Kukaa anaweza, kupiga makasia anaweza, maana kazi hiyo ni ya mgongo na mikono. Lakini kutembea juu ya mawe ya ufukweni, ndoo mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, hapana. Kila mtu alijua ndoo inahitaji mtu mwingine, na kila mtu alisubiri Irja aseme ni nani.

Ahti alikuja siku Irja anapanda viazi, au tuseme siku anakaa kwenye kigoda na kuwaelekeza wengine wapande. Alisimama akazungumza habari za umande wa barafu. Akazungumza habari za samaki. Watu wa huko wakiwa na jambo zito hupitia kwanza kwa samaki.

"Dada," akasema mwishowe, "ile ndoo mwaka huu anaibeba nani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Ahti."

Ahti akatazama viazi. "Naitaka mimi."

Irja alijua jinsi Juhannus ilivyo. Siku nyingine zote mtu anaweza kujificha asikutane na chupa, lakini siku hiyo chupa zinakuja zenyewe, zinakushika bega, zinakuita kwa jina la utotoni. Na mwenye ndoo hakai nyumbani. Yuko katikati yao tangu mchana. Akamuuliza: je, akinywa?

"Nikinywa nyumbani, hakuna anayejua," Ahti akasema. "Nikinywa na ndoo mkononi, kijiji kizima kitaniona. Ndiyo maana naitaka."

Irja akamwambia ndoo iko stoo, nyuma ya reki, na aioshe kabla ya kuitumia.

Habari zilisambaa kabla hata jioni haijafika. Hellevi, mwenyekiti wa chama cha kijiji na rafiki wa Irja tangu shule, alivuka daraja kwa baiskeli makusudi. Kwa barabara, kutoka kijijini hadi kwa Irja ni mbali, maana unalizunguka ziwa lote hadi darajani, wakati kwa mashua ni kuvuka tu mlango wa maji. Kwa hiyo Irja alijua, kabla shoga yake hajashuka kwenye baiskeli, kwamba amekuja na maneno aliyoyapanga njia nzima.

"Irja, mimi si mtu wa kusema watu," Hellevi akaanza.

"Basi usiseme."

Hellevi akanywa kahawa yake. Halafu akasema hata hivyo. Alisema si kwamba anamchukia Ahti. Alisema akishindwa siku hiyo, hatashindwa peke yake: nguruzi zitatoka, mashua zitatoka, na tena itakuwa mbele ya watoto. Na Ahti mwenyewe hatainua tena uso. Irja akasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu hayo yote alikuwa ameshajiambia usiku. Akamwongezea kahawa, akasema ndoo imeshatolewa.

Basi ikafika siku. Milango yote ilikuwa imewekewa matawi mabichi pande mbili, na moshi wa sauna ulikuwa umenyooka juu ya miti kama uzi. Irja alivuka na mashua yake mwenyewe, jaketi okozi limefungwa hadi kidevuni, akamkuta Ahti amesimama gatini na ndoo inayong'aa. Alikuwa ameisugua kwa mchanga. Irja akachomoa nguruzi yake, akaidumbukiza ya kwanza, nayo ikalia kwenye bati.

Kisha akakaa kwenye benchi kando ya mahali wanapokausha samaki kwa moshi, fimbo magotini, akatazama.

Utani haukuchelewa. Mmoja alimuuliza Ahti kama akichungulia ndooni anaona nguruzi moja moja au mbili mbili.

"Yako naiona moja," Ahti akasema, "na iko kwangu."

Mwingine akataka kujua nani atachukua nguruzi ya mwenye ndoo mwenyewe. Ahti akamwonyesha kwamba yake ilikuwa humo humo pamoja na za wenzake. Kufikia wakati wa viazi na samaki, ndoo ilikuwa nzito, na Ahti alikuwa amekataa bia kwa upole kila ilipomjia, akiinua kikombe chake cha kahawa kama mtu anayerudisha salamu. Irja alikitazama kikombe kila kilipojazwa. Kilikuwa cha kahawa.

Reino ndiye aliyekuja kuharibu. Alikuwa amekaa kisiwani Lehtosaari tangu juzi, kwenye kibanda chake cha uvuvi, na asubuhi ile alivuka kuja kijijini akatoa nguruzi bila ubishi. Sasa alitoka sauna, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, taulo shingoni, bia mkononi na nyingine mfukoni. Akamwendea Ahti, akamkumbatia, akamwambia anataka nguruzi yake, anarudi kisiwani mara moja.

Ahti akasema kesho.

Reino akasema si kwa ajili yake. Ni Tuisku. Amemwacha mbwa kisiwani, amemfunga kibandani, hana maji. Alidhani atarudi mchana. Na kweli, watu walipotulia, walisikia mbwa anabweka mbali, juu ya maji yale yaliyolala kama kioo.

"Umelewa, Reino," Ahti akasema.

"Nimechangamka."

"Hutoki."

"Ahti, ndugu yangu." Sauti ya tarumbeta ilikuwa imeshuka. "Mimi na wewe tumetoka wapi? Nani alikuwa akikubeba? Sasa umepewa ndoo unajifanya askari. Kunywa hii na mimi, moja tu, tuongee kama watu. Au nipe nguruzi. Chagua."

Akamwekea bia mkononi. Chupa ilikuwa na ubaridi, matone yanateremka. Watu waliokuwa karibu wakaacha kutafuna. Hellevi alimgusa Irja kiwiko, maana yake: inuka. Irja alikuwa ameshashika fimbo. Akaishika tu. Alijua akiinuka sasa, ndoo itarudi kwake, na Ahti hataomba kitu chochote tena maisha yake yote.

Ahti aliitazama ile chupa kama mtu anayemkumbuka rafiki wa zamani. Kisha akaiweka chini kwenye jiwe, taratibu, isimwagike.

"Mbwa nitamleta mimi," akasema.

Akavaa jaketi okozi. Akaipeleka mashua yake ukingoni, akatia nguruzi. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa na Irja, kwa kuwa Irja hakuwahi kulazimika kuondoka: akaichukua ndoo, akaiweka ndani ya mashua kati ya miguu yake, asije mtu akaigusa nyuma yake. Akaondoka. Makasia yakagonga mara chache, akapita rasi ya mawe, akapotea.

Ni hapo tu Hellevi alipomwinamia Irja akamnong'oneza kile ambacho Irja alikuwa ameshakiona: kule kisiwani, ndani ya kibanda cha Reino, kulikuwa na pombe ya siku tatu. Makreti. Na chupa za kali. Na hakuna jicho la mtu.

Moto ukawashwa. Ni rundo la magogo na mashua moja kuukuu isiyofaa tena, na lilipolipuka watoto walipiga makofi. Irja hakuuona. Alikuwa anatazama rasi. Mbwa alikuwa ameacha kubweka. Hilo lilikuwa jema, maana yake Ahti amefika. Lakini kufika si kurudi. Kwenda Lehtosaari na kurudi ni safari ya kunywea kikombe kimoja cha kahawa, na Irja alikuwa ameshakunywa kahawa hadi chini, na nyingine tena.

Hellevi alitoa simu akampigia. Simu ikalia papo hapo, ndani ya koti la Ahti lililoning'inia kwenye benchi.

Hapo ndipo Reino alipoanza kulevuka. Alikuja akasimama mbele ya Irja, taulo bado shingoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba kule kuna vitu vingi, kwamba hakufikiria, kwamba yeye ni mjinga. Irja akamwambia hilo la mwisho linajulikana. Reino akasema basi aende amfuate. Wakatazamana, na wote wawili wakaelewa kwa pamoja: hakuna wa kwenda. Nguruzi zote za Kortesalmi, ya Irja, ya Hellevi, ya kila mtu, zilikuwa ziwani kati ya miguu ya Ahti. Kijiji chenye mashua nyingi kuliko magari hakikuwa na hata moja inayoelea.

Mtu mmoja alicheka, halafu akaacha.

Reino akachomoa kisu chake kiunoni, akaokota kipande cha mti, akaanza kuchonga kizibo. Mara kisu kikateleza kikaingia kwenye kidole gumba. Damu ikatoka, akaendelea. Kilipokuwa karibu kufaa alimwonyesha Irja, na vijana wawili walikuwa wameshaishika mashua tayari kuisukuma, nao pia macho mekundu.

Irja alikitazama kile kizibo chenye damu. Ndani yake moyo ulikuwa unasema wape, ni ndugu yako, ni damu yako iko kule. Alimwona tena Kauko alivyoletwa. Alimwona Ahti vilevile. Na aliwaona hawa watatu wakisimama kwenye mashua, katikati, kila mmoja nahodha.

"Weka chini," akasema.

"Mama Irja," Reino akaanza, "na kama ame..."

"Kama amekunywa, atalala kwenye kibanda, na kesho nitamfuata mwenyewe. Nyinyi hamtoki. Hellevi, mfunge huyu kidole."

Reino akakaa chini kwenye mawe. Hellevi akamfunga kidole kwa kitambaa, akarudi, akamwona shoga yake anavyoikaba fimbo, akammiminia glasi ya divai ya matunda aliyoitengeneza mwenyewe. Irja akainywa yote, kama dawa, bila kuondoa macho kwenye rasi.

Wa kwanza kumwona alikuwa Irja. Kwanza ncha ya mashua, halafu mgongo wa mtu. Watu wakaanza kuita, yeye akawanyamazisha kwa mkono. Alikuwa anatazama maji nyuma ya mashua. Mtu aliyelewa, hata awe fundi namna gani, kasia moja humzidi lingine, na njia yake juu ya maji hupinda kama mkia wa paka. Usiku mwingi wa miaka mingi Irja aliwahi kuutazama mkia huo wa mdogo wake ukija kutoka upande ule ule.

Njia ya leo ilikuwa imenyooka kama imechorwa kwa rula.

Irja akavuta pumzi. Hellevi, aliyekuwa ameshika bega lake, alilisikia linapanda.

Ahti alifika amelowa hadi kiunoni, amechanika mkono wa shati, uso umejaa vipele vya mbu. Mbele ya mashua alikaa Tuisku, mdomo wazi, mwenye furaha kuliko wote. Ilikuwa hivi: alipofungua mlango wa kibanda mbwa alitoka mbio, akaona sungura, na Ahti akamkimbiza kisiwa kizima, kwenye vichaka na matope, mbwa anadhani ni mchezo. Ahti alieleza hayo kwa ufupi huku anaifunga kamba. Reino alimkumbatia mbwa, kisha akamkumbatia Ahti, na wote waliona kwamba anamnusa. Akamnusa upande mmoja, akamnusa upande wa pili.

"Ananuka mbwa," Reino akatangaza. "Mbwa tu."

Watu wakacheka, sasa kwa raha. Ahti hakucheka. Alimtazama dada yake, akasema kwa sauti ambayo ilimfikia yeye peke yake, au pengine na Hellevi kidogo:

"Niliyaona makreti. Nilikaa juu ya moja nikavua kiatu, nimwage maji. Nikavaa kiatu."

"Soksi zako zimelowa," Irja akasema. "Kazibadilishe."

Hilo ndilo lililotoka. Lakini Ahti alimjua dada yake, akaenda kubadilisha soksi anatembea kama mtu aliyepewa nishani.

Moto ulipofifia, jua likiwa bado juu ya miti limekaa tu, Irja aliona kwamba amechoka. Nyonga ilikuwa inamlalamikia. Alishuka na fimbo hadi gatini, polepole, akamwambia Ahti ampe nguruzi yake, avuke aende akalale.

Ahti aliingiza mkono ndooni. Akasita. Akautoa mtupu.

"Dada, umekunywa."

Irja alidhani hakusikia vizuri. "Nimekunywa nini?"

"Divai ya Hellevi. Glasi iko pale kwenye benchi."

"Kiglasi kimoja. Cha matunda. Kwa ajili yako."

"Ni kweli," Ahti akasema. "Hutoki."

Waliokuwa karibu wakageuka. Urpo, ambaye sasa ni mzee sana na husikia anachotaka, aliweka mkono sikioni. Reino alimshika mbwa mdomo.

"Ahti," Irja akasema, akinyooka hadi mahali fimbo haikuhitajika, "hiyo ndoo niliianzisha mimi."

"Najua."

"Mimi nimevuka maji haya wewe hujajua hata kutambaa."

"Najua, dada. Nakuheshimu sana. Utalala kwa Hellevi, na kesho ukishakula nitakupa nguruzi yako na nitakusukumia mashua mwenyewe."

Alisema hivyo huku ameikumbatia ile ndoo kwa mikono miwili, na uso wake, wenye vipele vya mbu na pengo la meno, ulikuwa umetulia kabisa. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia Irja Pesonen hapana mahali pale.

Irja alimtazama. Kisha akageuka upesi kidogo kuliko nyonga ilivyopenda, ili wasimwone uso, akamshika Hellevi mkono, wakaanza kupanda kilima kuelekea nyumbani kwake. Nyuma yao sauti zilirudi, Reino akisema kwamba leo hata askari mkuu amekamatwa, na Ahti akimwambia mtu mwingine, kwa upole, kesho.

Walipofika nusu ya kilima Irja alisimama apumzike.

"Yule ni mdogo wangu," akasema.

"Najua ni mdogo wako," Hellevi akajibu. "Tangu lini sijui?"

"Nakwambia tu," Irja akasema, wakaendelea kupanda.